Hadhira Yenye Cheti

Wageni wakifika Sitirika hushangaa kuona jinsi tunavyoipenda sanaa. Hatuna jumba hata moja la maonyesho lisilovuja, hilo ni kweli, lakini tuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Hadhira, na jengo lake halivuji. Lina lifti. Ndani yake wamo wasomi waliobobea katika swali moja tu, nalo ni kwa nini watu huenda kutazama michezo. Kwa kuwa swali hilo ni zito na kazi ni nyingi, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupata nafasi ya kwenda kutazama mchezo.

Nasema haya bila kinyongo. Mimi ni raia mwema na Taasisi naiheshimu. Ila habari ya Kikundi cha Ghalani imenikaa kooni, na kila watu wa nje wakiniuliza sanaa inaendeleaje kwetu, naona haya, najifanya nafunga kamba za viatu. Siku nyingine nimevaa kandambili. Heri niisimulie yaishe.

Kikundi hiki kilikuwa kikicheza katika ghala la zamani la korosho, nyuma ya soko la samaki. Ghala lilikuwa mali ya serikali, na serikali ilikuwa imelisahau, jambo lililowapa waigizaji amani kubwa. Kiongozi wao alikuwa Bi. Sikudhani Mlekwa, mwanamke mrefu mwenye sauti inayosikika bila kipaza sauti, aliyeacha ualimu ili aendeshe kikundi ambacho hakikumletea chochote isipokuwa usumbufu na furaha. Sheria ya Sitirika inaviita vikundi vya namna hiyo asasi zisizotafuta faida. Katika kutoitafuta, Ghalani walikuwa hodari kweli. Watu wa sokoni waliendelea kumwita Bi. Sikudhani mwalimu, na yeye aliitika.

Mchezo wao mkubwa uliitwa Mjomba Kala Shamba. Mjomba mmoja anampora mpwa wake yatima shamba aliloachiwa na baba yake, halafu anahamia na kwenye nyumba, analalia na godoro la marehemu. Mjomba huyo aliigizwa na Mzee Ngwali, mtu mpole ambaye nje ya jukwaa alikuwa akiomba radhi hata kuku akimkanyaga. Akipanda jukwaani alikuwa mshenzi wa kutisha.

Sasa, mchezo ule haukuwa na mwisho, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Ghalani. Mambo yakishafika pabaya, yatima analia na mjomba amejinyoosha juu ya godoro, Mzee Ngwali aliinuka, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akavua kofia na kuwauliza watazamaji, "Wenyewe mnasemaje?" Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Watu walisimama, wakabishana, wakakumbushana visa vya wajomba zao wenyewe, na walipokubaliana, waigizaji walicheza mwisho uleule waliokubaliana. Kuna Jumamosi mjomba alirudisha shamba. Kuna Jumamosi alifukuzwa kijijini na godoro lake kichwani. Mara moja, watu wakiwa na roho nzuri kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha vizuri, walimsamehe, na kesho yake wakajuta, wakaja asubuhi kudai arudi ashtakiwe upya.

Mkali kuliko wote alikuwa Bi. Siwema, mkaanga samaki, ambaye alikuja na kigoda chake mwenyewe na kukaa mbele kabisa. Alimchukia mjomba yule kwa moyo wake wote. Jumatatu Mzee Ngwali akienda sokoni, Siwema alimchagulia samaki aliyeungua zaidi, akamfungia bila kumtazama usoni. Mzee alimpokea samaki yule kwa mikono miwili na kwenda kuwaonyesha wenzake. Alizoea kusema kwamba siku Siwema atakapompa samaki mzuri, wajue ameanza kuigiza vibaya.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, hatujui kama tuna tatizo.

Tatizo liligunduliwa na Taasisi. Ripoti zake juu ya hadhira zilikuwa zimejaa makabatini, zikajaa kwenye korido, zikaanza kupangwa ndani ya lifti, mpaka wasomi wakawa wanapanda ngazi. Ikabidi itafutwe bohari ya kuzihifadhia, na katika kutafuta, serikali ikalikumbuka ghala la korosho. Lakini sisi ni nchi ya sheria. Sheria inasema kikundi cha sanaa hakiwezi kuondolewa kwenye jengo la umma ikiwa kina Cheti cha Ushirikishwaji wa Hadhira, na anayetoa cheti hicho ni Taasisi. Kwa hiyo Taasisi, kwa haki kabisa, ikatuma watafiti kuchunguza kama Ghalani wanastahili kuachiwa ghala ambalo Taasisi inalitaka.

Msafara uliongozwa na Mkurugenzi mwenyewe, Dakta Eustaki Mkwiche, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye hakuwahi kumkatiza mtu maneno kwa sababu alianza kuongea yeye. Watafiti waliketi wameupa jukwaa mgongo na kututazama sisi, kwani utafiti wao ulikuwa juu yetu. Mchezo hawakuuona. Waliona midomo yetu ikifunguka, waliona mtu mmoja akifuta machozi kwa ukingo wa kanga, na Mzee Ngwali alipouliza swali lake walimwona Bi. Siwema akipanda jukwaani, akimsukuma mjomba kando na kuondoka na godoro. Mtafiti mmoja alijificha nyuma ya mwenzake.

Wiki iliyofuata Bi. Sikudhani aliitwa kwenye Taasisi, akasomewa matokeo. Dakta Mkwiche alimweleza kwa huruma, kama daktari anayetoa habari mbaya, kwamba hali ya Ghalani si nzuri. Hadhira yake ilikuwa inashiriki bila kushirikishwa.

Bi. Sikudhani alisema hakuelewa.

"Wanaongea," alisema Dakta. "Nani amewapa ruhusa?"

"Tunawauliza wenyewe, Dakta. Ndiyo desturi yetu."

"Mnawauliza, sawa. Lakini mnawauliza kabla hamjajua watajibu nini. Huo si utaalamu, dada yangu."

Akamkabidhi Mwongozo. Ulikuwa mzito, una jalada gumu, na picha ya Waziri akitabasamu kuelekea upande ambao hauna kitu. Bi. Sikudhani alirudi nao ghalani ameukumbatia kifuani, na kwa muda wa siku kadhaa hakumwambia mtu yeyote ulikuwa unasema nini.

Ulikuwa unasema hivi. Hadhira yoyote inayotaka kutambulika ihudhurie semina na kufanya mtihani. Katika kila onyesho awepo Afisa Hadhira, asimame pembeni mwa jukwaa na vibendera. Akiinua cha njano, watu wacheke. Akiinua cha buluu, wahuzunike kwa utulivu. Akiinua cha kijani, wapige makofi mpaka kishuke. Nguvu ya makofi ipimwe kwa kipimo kitakachofungwa ukutani. Na kila mchezo uwe na mwisho ulioidhinishwa. Mwisho wa Mjomba Kala Shamba uliletwa tayari umeandikwa: mjomba na yatima wanagundua kwamba shamba ni la serikali, wanakumbatiana na kuimba.

Tulikwenda kwenye semina kwa moyo mkunjufu. Tulifundishwa kukaa. Tulifundishwa kukohoa ndani ya leso. Siku ya mtihani Bi. Siwema alicheka kabla kibendera cha njano hakijainuka, kwa sababu kilichomchekesha kilitokea mapema, na alipoambiwa ahuzunike aliuliza nani amefariki. Akafeli yote. Mimi nilifaulu vizuri sana upande wa huzuni, kucheka ndiko kulikoniangusha. Karibu watu wote wa sokoni tulianguka, na nafasi zetu zikajazwa na watumishi wa ofisi mbalimbali, watu wenye nidhamu waliokuwa wamezoea kupiga makofi kazini.

Mzee Ngwali alimfuata Bi. Sikudhani akamuuliza, kwa upole wake uleule, sasa yeye atakuwa anamchezea nani. Bi. Sikudhani alimjibu kwamba kwanza ghala, mengine baadaye. Wakishapata cheti watarudi kwenye desturi yao kimyakimya, nani atajua. Aliamini anachosema, hilo sitamnyima. Alikuwa amelifagia ghala lile kwa mikono yake tangu likiwa na popo, na usingizini alikuwa akiliona limejaa makaratasi hadi darini. Alikubali neno moja, akakubali la pili, na kila mara lile jipya lilikuwa dogo tu ukilinganisha na lile alilokwisha kulikubali.

Mwongozo ulimtaka kiongozi wa kikundi asimame mlangoni na kukagua vyeti mwenyewe. Jumamosi ya kwanza Bi. Siwema alifika na kigoda chake, kama siku zote, amejifunga kanga mpya.

"Shikamoo mwalimu," alisema kwa utani, maana walikuwa rika moja.

Bi. Sikudhani hakuitika. Alimwambia, akitazama kile kigoda, "Siwema, leo haitawezekana. Ni kwa muda tu."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Huna cheti."

"Cheti cha kukaa?"

Bi. Sikudhani alisema tena kwamba ni kwa muda tu. Nyuma yake walikuwa wamesimama watumishi, wamenyoosha vyeti vyao, wanataka kupita. Siwema alikaa kidogo, labda akingoja mwenzake acheke aseme ni mzaha. Kisha akakichukua kigoda chake akaenda nacho nyuma ya ghala, kwenye dirisha lenye kioo kilichovunjika, akakiweka chini akapanda juu yake. Hapo ndipo tulipokuwa sote tuliofeli. Tulitazama mchezo wetu tukiwa tumeshikilia nondo za dirisha, na Mzee Ngwali aliigiza ushenzi wake mbele ya watu waliokuwa wakimtazama Afisa Hadhira. Jumatatu yake Siwema alimpa samaki wa kawaida, hakuungua wala hakunona. Mzee alirudi nyumbani mnyonge sana.

Ikafika siku ya Waziri. Waziri wa Utamaduni, Hamasa na Utulivu alikuwa anakuja kukabidhi cheti kwa mkono wake, ikiwa kipimo cha makofi kitafika alama inayotakiwa. Ghala lilipakwa rangi upande unaoonekana kutoka barabarani. Sisi tulisogezwa mbali na dirisha, halafu askari aliyetusogeza akachoka na jua akaenda kukaa kivulini, tukarudi.

Waziri alihutubia kabla ya mchezo. Alisema sanaa ni moyo wa taifa, na moyo lazima upige kwa kufuata ratiba. Alisema hadhira isiyo na mpangilio ni umati, na umati ni suala la wizara nyingine. Kibendera cha kijani kiliinuka, makofi yakapigwa, kikashuka, yakakatika kwa pamoja kama redio iliyozimwa.

Mchezo ukaanza. Tuliona kupitia nondo kwamba Mzee Ngwali hayuko sawa. Jasho lilikuwa linamtoka kabla hajafanya la kumtoa jasho, na alipolala kwenye godoro alichelewa kuinuka. Watumishi walicheka panapotakiwa na kuhuzunika panapotakiwa. Kisha ikaja ile sehemu ambapo alipaswa kumkumbatia yatima waimbe. Hakumkumbatia. Alisogea ukingoni, akavua kofia, na kwa mazoea ya miaka akauliza, "Wenyewe mnasemaje?"

Hapakuwa na kibendera cha swali hilo. Watumishi wakamgeukia Afisa Hadhira. Mzee aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, mkono wake wa kulia ukalegea, kofia ikaanguka.

"Jamani," alisema. Neno lilitoka limepinda. "Nisaidieni. Sioni vizuri."

Akapiga magoti, kisha akalala kwa ubavu.

Afisa Hadhira alisita. Huo haukuwa mwisho ulioidhinishwa, lakini ulikuwa mwisho, na mwisho ni kijani. Akainua kijani. Makofi yakalipuka. Waziri aliguswa sana, akasimama, na alipokwisha kusimama wote wakasimama. Ukutani mshale wa kipimo ulianza kupanda.

Sasa nafika kwenye lile linalonitia haya mpaka leo, ingawa si mimi niliyelifanya. Bi. Sikudhani alikuwa amesimama upande wa pili wa jukwaa, Dakta Mkwiche akiwa begani kwake. Yeye mchezo ule alikuwa anaujua neno kwa neno. Alijua hakuna mahali mjomba anasema haoni. Alimtazama mzee pale chini, akautazama mshale, na Waziri akageuza uso akamtafuta yeye kwa macho, akipiga makofi na kutabasamu, akingoja kuona mwenye kikundi anasemaje.

"Inapanda," alinong'ona Dakta. "Usiivuruge, dada yangu."

Na Bi. Sikudhani akapiga makofi. Tulimwona. Alianza polepole, halafu akaenda sambamba na wengine, macho yake yakiwa juu ya ule mshale. Siwema, aliyekuwa mbele yangu juu ya kigoda, alikuwa anapiga kelele kwamba mtu yule anaumwa kweli, na sauti yetu sote ilikuwa imeungana na yake, lakini huwezi kuyashinda makofi yenye cheti. Tulizunguka mpaka mlangoni. Askari alituuliza vyeti, tukampita. Tulipofika jukwaani kibendera kilikuwa bado juu na watu bado wamesimama, na baadhi yao, nadhani, walijua, kwa sababu walikuwa wanalia huku wakiendelea kupiga. Tulimlaza Mzee Ngwali kwenye godoro la marehemu tukambeba nalo hadi hospitali. Njiani Siwema aliishika ile kofia.

Mshale ulikuwa umefika. Cheti kilitolewa palepale, Waziri akapigwa picha akimkabidhi Bi. Sikudhani, na godoro lilipokosekana ilisemekana limepelekwa kufuliwa. Taasisi baadaye iliandika katika ripoti yake kwamba mwigizaji mmoja alizidisha uhalisia kuliko kiwango, na kwamba hadhira ilibaki imara. Afisa Hadhira alipandishwa cheo. Kuna mtu pale Taasisi alipendekeza kwamba kuanguka kwa mwigizaji kuingizwe kwenye Mwongozo, kwa kuwa kumethibitika kuongeza makofi, na nasikia pendekezo lake bado linajadiliwa.

Ghala liliokoka. Liliwekewa bati jipya. Cheti kilitundikwa juu ya mlango, kwenye fremu, na Jumamosi watumishi huja wakajaza viti, wakacheka na kuhuzunika, wakaenda zao. Mjomba anaigizwa na kijana kutoka ofisi ya ardhi. Ile mipango ya kurudi kwenye desturi kimyakimya haijatajwa tena. Bi. Sikudhani huwa haupitii tena mlango ule wa mbele. Watu wamemwona akizungukia nyuma, kando ya dirisha lenye kioo kilichovunjika, ameinamisha kichwa.

Mzee Ngwali hakufa. Upande wake wa kulia ulilala, mdomo ukaenda kando, na maneno humtoka moja moja, kwa tabu. Watu wa sokoni tulikuwa tunakwenda kwake jioni kukaa naye uani. Siwema alikuwa anampikia uji na kumletea samaki, samaki mzuri kabisa, amemchambulia na miba, na mzee alikuwa anamla akimtazama Siwema kwa jicho la lawama. Siku ya kwanza alilia. Siwema alimwambia anyamaze ale, akipona atamrudishia wale wa kuungua.

Bi. Sikudhani alikaa muda mrefu bila kuja. Jioni moja akatokea kwenye mlango wa uani, hakubeba kitu, amevaa nguo za nyumbani. Alitoa salamu kwa sauti ndogo, yeye mwenye sauti ile, na hakuketi kwa kuwa hakuna aliyemwambia karibu.

"Baba," alimwambia mzee, "nilikuona. Nilijua ni kweli unaumwa. Nilijua, na nikapiga makofi."

Hakusema habari ya ghala. Sikutegemea kwamba atalinyamazia, na nilimheshimu kidogo kwa hilo. Alisimama tu pale, mikono yake ameificha nyuma kama mtoto aliyevunja kitu.

Mzee Ngwali alimtazama kwa muda. Kisha akamwashiria Siwema aondoe bakuli. Aliinua mkono wake mzima, akaigusa kofia iliyokuwa kichwani mwake, akaihangaikia mpaka ikatoka, akaiweka kwenye goti. Akatugeukia sisi tuliokuwa tumekaa mikekani na kwenye vigoda kuzunguka ua, watu wale wale ambao zamani hatukuweza kukubaliana juu ya mjomba bila kelele kusikika hadi sokoni.

"Wenyewe," alisema, akahema. "Wenyewe mnasemaje?"

Bi. Sikudhani alimtazama Siwema. Nilidhani Siwema atasimama, kwa sababu hakuwahi kuulizwa swali lile akabaki ameketi. Nilidhani atamtukana mwalimu, atamfukuza, au pengine atamsamehe halafu kesho ajute. Nilijisikia hata mimi nina neno, na sikujua neno hilo litoke wapi. Siwema alilichukua bakuli, akachota uji, akaupuliza, akamlisha mzee.

Hakuna aliyekohoa. Tulikaa vile tulivyofundishwa kukaa, na Bi. Sikudhani alisimama pale mlangoni mpaka giza likaingia, akingoja japo tusi.